Machotara Hawakuugua

Kolwezi, Manika. Jumapili, 18 Oktoba 1992

Mvua ya kwanza imeshuka watu wakiwa misani. Mimi sikwenda. Nilikuwa nimelala chali, mkono chini ya mbavu, nikaupata uvimbe. Niliujua kama mtu anavyoujua ufunguo wake mfukoni, bila kuutoa na kuutazama. Uvimbe wa namna hiyo nimeupapasa miaka mingi, katika matumbo madogo kuliko langu.

Naandika jina langu ili ijulikane anayesema ni nani: Séraphin Kabemba, Musanga, mwenyeji wa hapa, mwenye miaka sabini na mmoja, niliyefiwa na mke. Mapadri walinisomesha, kisha nikapelekwa Ulaya kusomea elimu ya viumbe, nikarudi kusimamia nyumba ya panya katika hospitali ya kampuni ya shaba. Kazi yetu ilikuwa kujibu swali moja. Wachimbaji wawili wanakula chungu kimoja na kumeza vumbi moja: kwa nini mmoja apate kansa ya tumbo na mwenzake azeeke salama?

Tulikuwa na koo mbili za panya. Ukoo mmoja una manyoya ya giza na tumbo jeupe, tuliwaita mabaka. Wengine ni weupe kabisa. Wote tuliwanywesha sumu ileile katika maji, ndani ya chupa zilizofunikwa, maana mwanga huiharibu. Baada ya miezi tuliwarudishia maji safi, tukangoja zaidi ya mwaka, tukawapasua. Mabaka wengi walikuwa na uvimbe pale tumbo linapofungukia utumbo. Weupe, wachache sana. Maji yaleyale, chakula kilekile. Tofauti ilikuwa katika kuzaliwa.

Baba yangu alikufa kwa tumbo. Kaka yangu pia. Sihitaji daktari.

Padri akiungamiwa hujibu haraka, na mtu akisha kujibiwa huacha kusema. Hapa hakuna wa kunijibu. Mtu anayekaribia kufa anaweza kufanya mambo ambayo hakuyajua ndani yake. Nataka yangu niyaone yameandikwa.

Jumatano, 28 Oktoba

Mvua. Uji.

Jumamosi, 7 Novemba

Mulumba amekuja leo. Ni mume wa binti yangu Ernestine, na ndiye niliyemwachia nyumba ya panya nilipostaafu. Ni Muluba wa Kasai, ingawa alizaliwa hapahapa Kolwezi, na Kasai ameiona mara chache, kwa misiba.

"Tata, bamekataa," alisema kabla hajakaa.

"Nani wamekataa?"

"Machotara. Tumefungua bote. Hawakuugua, ila mumoja mumoja tu. Beko sawa na beupe."

Ndilo jaribio nililomwachia: kuwaoza mabaka kwa weupe, kisha kuwanywesha watoto wao sumu. Nikamuuliza kama ilitegemea nani alikuwa mama.

"Hapana, Tata. Mama akiwa wa mabaka, sawa. Baba akiwa wa mabaka, sawa. Kinga ya ule mweupe njo inashinda."

Alijipiga paja kama mzazi ambaye mtoto wake amefaulu mtihani. Tangu kampuni ianze kukosa kulipa, anawalisha panya kwa makombo ya bukari, ule ugali wa nyumbani kwake. "Ernestine ananichokoza," alisema. "Ananiuliza: asubuhi unaenda kazi, ao unaenda kulisha bake wenzangu?" Tulicheka mpaka mbavu zangu zikanikataza. Ernestine mwenyewe, aliyekuja naye, alikuwa jikoni nyuma ya nyumba. Hakuyasikia haya ya machotara.

Kisha akaingia Stany, mtoto wa dada yangu. Kwetu Basanga mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba hurithiwa na mpwa, kwa hiyo nyumba hii itakuwa ya Stany. Anajua. Alinisalimu kwa mikono miwili, akamtazama Mulumba kama anavyotazamwa mtu aliyekalia kiti cha mwingine.

"Jambo, shemeji," Mulumba akasema.

"Shemeji gani? Treni yako inakungoja."

Mulumba akacheka kana kwamba ni utani. Mimi nikacheka naye. Hiyo ndiyo aibu ya leo, na ni ndogo.

Jumapili, 22 Novemba

Mjini hakuna mazungumzo mengine. Huko Likasi watu wa Kasai walikwisha kufukuzwa, wanalala kwenye stesheni. Redio inasema, makanisa yananyamaza, vijana wanaimba barabarani kwamba wageni ni bilulu, wadudu wanaokula mahindi ya mwenyeji. Stany anaimba nao. Mtoto huyu nilimfundisha kusoma saa.

Leo ameniuliza: "Mjomba, weye ulisomea mambo ya damu. Utuambie, damu ya bale bantu na yetu ni moja?"

"Nimesomea panya, Stany."

"Panya pia iko na kabila. Weye mwenyewe ulisema."

Nilijisingizia maumivu. Akanipa maji kwa upole kabisa, akakaa, akasema bila kuulizwa: "Batoto ba Ernestine, bale hapana kugusa. Beko ba kwetu. Njo desturi."

Kwa akina Mulumba, mtoto ni wa baba. Siku ya harusi tulilifanyia mzaha jambo hilo, wazee wa pande mbili. Tulisema watoto hawa watakula urithi mara mbili. Hakuna aliyefikiri siku itafika wadaiwe mara mbili.

Jumatatu, 7 Desemba

Kampuni haijalipa. Mvua kubwa, bati linavuja juu ya kabati. Nimetapika damu kidogo, nyeusi kama machicha ya kahawa.

Ijumaa, 25 Desemba

Noeli. Wamekuja wote: Ernestine, Mulumba, Mignonne wa miaka tisa, na Kalombo mdogo ambaye bado anaita kila mnyama mbuzi. Jirani yetu Hawa, Mwislamu wa kutoka Kasongo anayeuza vitenge sokoni, alituletea pilau. Mumewe Mansour ana lori la kwenda Lubumbashi. "Kula, Tata Séraphin," Hawa alisema, "sherehe ni yenu, mimi nimekuja kuchafua sufuria tu." Nilipeleka kijiko mdomoni mara nyingi bila kumeza. Mignonne aliona. Alisogeza sahani yangu taratibu mbele ya mdogo wake, naye akaimaliza. Mtoto wa miaka tisa amenifichia siri mezani.

Walipoondoka nyumba ilinyamaza, nikaogopa. Si kufa. Niliogopa kufa na Stany ndiye anayenishika kichwa.

Jumapili, 17 Januari 1993

Mulumba amesema mambo yakianza watakwenda Mwene-Ditu, huko Kasai, alikorudi mama yake. Ernestine alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho. "Pale bwana anaenda, mi naenda," alisema. "Unafikiri niliolewa na nyumba ya kampuni?"

Nikasema ndiyo, mke ni wa kumfuata mumewe. Niliposema hivyo nilimchukia Mulumba, kwa muda mfupi tu, kama mtu anavyochukia jua.

Jumanne, 9 Februari

Mvua tangu asubuhi. Nimekaza mkanda kwa tundu jipya.

Jumapili, 14 Machi

Ernestine alikuja baada ya misa, peke yake. Aliniambia: "Tata, vua shati." Alisema kama mama yake alivyokuwa anasema, nami nikavua. Aliweka mkono, akaupata.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua ilipoanza."

Alilia bila sauti. Kisha akasema lile nililoliogopa: "Na siye tunafunga bitu. Mulumba anasema mwezi huu haitaisha tukiwa hapa."

Hapo nikafungua kinywa. Naiandika kama ilivyokuwa.

"Baba yangu alikufa hivi, mama. Baba yako mkubwa pia. Ni ukoo. Nimeiona kwa panya maisha yangu yote: wengine wanazaliwa nayo, inangoja tu kitu cha kuiamsha. Wewe unayo. Na watoto wanayo."

"Hata Mignonne?"

"Hata Mignonne."

"Njo kusema nini?"

"Njo kusema wakila samaki wa chumvi wa njiani, wakinywa maji ya stesheni, matumbo yao hayatavumilia kama ya watoto wengine. Hapa kuna hospitali, kuna watu niliowafundisha mwenyewe. Kule nani anawajua?"

Kila neno lilikuwa na kipande cha ukweli, kama vile sumu yetu katika chupa ilivyokuwa karibu yote maji.

"Na Mulumba?"

"Usimwambie. Akijua atakataa kuondoka bila ninyi, na wakimkuta hapa watamuua. Mwache aende. Mambo yakitulia atarudi."

Aliapa kwa kaburi la mama yake. Aliniamini kwa sababu mimi ndiye mtu aliyesoma kuliko wote anaowajua, na kwa sababu mimi ni baba yake. Sijui lipi ni baya zaidi.

Nilijua nini wakati ninasema? Nilijua machotara hawakuugua. Mulumba aliniambia katika chumba hiki. Kama sheria ya panya ingekuwa sheria yetu, basi watoto hawa wangeshika kinga ya baba yao, na ndoa ile inayotukanwa barabarani ingekuwa ndiyo dawa. Na nilijua zaidi ya hapo: kwamba panya si watu. Nimewakemea wanafunzi kwa kosa hilo, kuchukua kilichoonekana katika kizimba na kumvika mtu. Leo nimelifanya kwa makusudi. Vijana wa barabarani wanasema damu bila kujua wanachosema. Mimi ninajua.

Usiku nimelala vizuri. Hilo pia liandikwe.

Alhamisi, 25 Machi

Imefika. Jana vijana waliingia katika nyumba za kampuni na mawe na petroli. Ernestine na watoto wamefika kwangu wamelowa, Mignonne amebeba sufuria kichwani. Hakuna aliyewagusa, Stany alitembea mbele yao akipaza sauti: "Bote beko ba kwetu! Ba kwetu!"

Mulumba hakuwepo nyumbani wakati ule. Alikuwa amekwenda hospitali. Alijua kwamba watu wenye njaa wakivunja nyumba ya panya watakula panya wale, na mtu mwenye njaa hasomi kibao cha hatari. Kwa hiyo aliwaua kwa eta, ile dawa ya usingizi, mmoja baada ya mwingine, wale wote waliokunywa sumu, akawachoma nyuma ya jengo, huku kelele zinakaribia. Miaka yote ya kazi yetu, yeye na mimi. Aliporudi nyumba yake ilikuwa haina hata mlango. Alikuja hapa kuaga, ananuka eta, nyusi zimeungua, mikononi hana kitu.

Alimwambia mkewe, "Haya, tuende."

Ernestine akatazama chini. "Tangulia. Mi nabaki na Tata. Batoto nabo babaki."

Mulumba alingoja aseme jambo jingine. Kisha alinigeukia mimi, labda nimsaidie. Nilikohoa. Akaitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtu anayekubaliana na mtu asiyeonekana, akambusu Kalombo utosini, akatoka kwenye mvua kwenda stesheni.

Siku zote nilidhani Mulumba ni mtu wa vitu vidogo, mtu wa vizimba na chupa. Nilikosea.

Jumamosi, 27 Machi

Treni haijafika. Mvua. Ernestine amepeleka bukari stesheni.

Jumatatu, 29 Machi

Treni haijafika. Hawa anamsindikiza Ernestine, wanaweka chakula chini ya vitenge vya kuuza, kwa sababu wanaopeleka chakula wanapigwa. "Mimi nikiulizwa nasema nawauzia bilulu nguo za kuzikia," Hawa alisema. "Wanacheka, wananipisha. Mungu anisamehe ulimi huu."

Jumatano, 31 Machi

Treni haijafika. Mvua. Watu wamejenga vibanda vya maturubai na magunia kando ya reli, wengine wanalala chini ya mabehewa mabovu. Kalombo amenilalia kifuani mchana kutwa. Nina kila nilichokitaka.

Jumapili, 11 Aprili

Pasaka. Ernestine amerudi kutoka stesheni na sufuria imejaa vilevile.

"Hakula?"

"Anahara. Watoto huko wanakufa surua, Tata. Leo walizika watatu." Alikaa kizingitini, mgongo kwangu. "Ameniuliza kitu kimoja tu: nilikukosea nini? Mi namutazama, kinywa kimefungwa. Tata, acha nimuambie."

Ilikuwa saa ya kusema. Alinifungulia mlango mwenyewe. Mimi nikajibu: "Vumilia kidogo."

Jumanne, 13 Aprili

Inasemekana treni itakuja Alhamisi. Mvua imepungua.

Hawa aliniletea chai akakaa kunitazama ninavyoshindwa kuinywa. "Tata Séraphin," alisema, "nimeishi na wanawake waoga na wanawake waliochoka na waume zao. Ernestine si hao. Mwanamke anayebeba chakula kupita katika mawe kila siku, halafu hataki kupanda treni? Huyu kuna mtu amemfunga."

"Kwa uchawi?" nilijaribu kumtania.

"Ningejua uchawi ni wa nani ningemwambia afungue kabla ya Alhamisi. Chai yako inapoa, mzee wangu."

Hakusema zaidi. Alikunja kitenge chake akaondoka.

Jumatano, 14 Aprili

Nimesema.

Ernestine alikuwa anafunika sufuria kwa kitambaa. Nilimwambia akae. Alisema atachelewa. Nikamwambia tena, akakaa ukingoni mwa kitanda. Nilianza na panya, kwa sababu ndiyo lugha ninayoimudu.

"Tata, mi sina wakati ya panya leo."

"Machotara hawakuugua, Ernestine. Mulumba aliniambia Novemba, wewe ukiwa jikoni. Mtoto wa koo mbili alishika kinga ya upande mmoja, awe wa mama au wa baba. Nililijua hilo siku nilipokutisha juu ya Mignonne."

Aliweka sufuria chini polepole. "Basi batoto bangu beko bazima."

"Sijui. Hilo ndilo la pili. Panya wale tuliwaoza ndugu kwa ndugu, vizazi na vizazi, mpaka wote wakawa kama mmoja. Hakuna ukoo wa watu ulio hivyo. Sikuwa na haki ya kusema lolote juu ya damu ya mtoto yule, la kutisha wala la kutuliza."

"Na maji ya stesheni? Na samaki ya chumvi?"

"Maji machafu yanamuumiza mtoto yeyote."

"Na mi? Iko ndani yangu?"

"Sijui, mama."

"Mwezi wa tatu ulijua vizuri!"

Alisimama. Sauti yake ilipanda mpaka jirani wa pili akafungua dirisha. Aliuliza kwa nini. Nikamwambia kweli: niliogopa kufa bila wao, niliogopa mikono ya Stany. Akacheka kicheko ambacho sitaki kukisikia tena.

"Bwana yangu analala chini ya behewa, anafikiri nimemukataa juu ya kabila yake. Unajua aliniambia nini jana? Aliniambia, si kosa yako, mama Mignonne, damu ni nzito. Ananisamehe, Tata! Ananisamehe kitu chako!"

Niligeuza uso ukutani.

"Bale vijana banatupa mawe," alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Beko bajinga. Weye ulisoma. Ulitupa moja tu, ikatosha."

Alichukua sufuria akaondoka. Hakusema kama atarudi. Mignonne alikuwa amekaa nje chini ya dirisha, magoti kidevuni. Ameyasikia yote. Hakuingia.

Alhamisi, 15 Aprili

Alirudi asubuhi kuchukua watoto. Alifunga vitu vyao katika shuka langu bila kuniuliza. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Langoni walikuwapo Stany na vijana wanne wenye fimbo. Nilisikia kila neno kutoka kitandani.

"Dada, weye unaweza kuenda kama unapenda kufa. Lakini batoto babaki. Ni ba kwetu."

"Stany, toka njiani."

"Si mi nimesema. Ni desturi."

Niliinuka. Sijui nguvu zilitoka wapi; nilishika ukuta, nikashika mwimo wa mlango, nikatokea uani nikiwa na pajama, miguu mitupu katika tope. Vijana wakavua kofia. Kwetu mtu akiumwa hivi huheshimiwa kama aliyekwisha kufa.

"Stany," nilisema, "mkubwa wa ukoo huu ni nani?"

"Ni weye, Mjomba."

"Watoto hawa ni wa nani?"

"Ba kwetu."

"Na mtoto wa kwetu anatumwa na nani?"

Akatazama fimbo yake.

"Jibu. Wenzako wanangoja."

"Na mjomba. Na mukubwa."

"Basi mimi nawatuma Mwene-Ditu, kwa nyanya yao na baba yao. Utamzuia mjomba wako mbele ya watu? Sema, nijue kama nina mrithi au sina."

Kijana mmoja akacheka puani. "Aya, Stany, mzee amesema. Utapigana na kaburi?" Stany aliiva uso. Kisha akasogea. Desturi aliyoitumia Stany kuwashika ndiyo iliyowafungulia, na sioni fahari yoyote, kwa sababu ingewafungulia siku ya kwanza kama ningetaka.

Mignonne alinikumbatia kiunoni, taratibu, akikwepa upande unaouma.

"Nkambo, babu yangu, utakuya lini?"

"Sitakuja, mama."

Akaitikia kwa kichwa. Ernestine alikuwa amekwisha kutangulia na Kalombo mgongoni. Hakugeuka. Nilipofikishwa kitandani nilikuta kikombe cha maji karibu na mto, kimefunikwa kwa kisahani. Sijui alikiweka saa ngapi.

Jioni treni ikapiga honi.

Jumamosi, 24 Aprili

Stany ananiuguza. Naandika kwa haki: mikono yake si mibaya. Ananipa uji kwa kijiko kidogo, anasubiri.

Leo alikiosha kijiko, akakaa tena. Kisha: "Mjomba, mama yangu ni dada yako."

"Ndiyo."

"Ile kitu Ernestine alipigia kelele. Ile ya ukoo." Alijishika tumbo bila kujua kwamba amejishika. "Na mi?"

Huyu ndiye aliyeimba miezi yote hii juu ya damu safi. Ningeweza kumwambia ndiyo, akaishi na hofu hiyo miaka arobaini. Ilinijia mpaka kwenye ulimi.

"Sijui, Stany. Hakuna anayejua. Ukiona damu nyeusi nenda kwa daktari mapema, usifanye kama mimi."

Akafuta kidevu changu kwa kitambaa.

Jumatano, 28 Aprili

Mvua zimekwisha. Upepo wa baridi umeanza. Simezi tena.

Jumapili, 9 Mei

Mkono wangu ni mzito, nitaandika polepole.

Mansour amerudi jana kutoka Lubumbashi. Lori lilimkwamisha huko. Hawa alimleta kwangu kabla hata hajaoga, vumbi limemjaa masikioni.

Alipokuwa anakwenda alipita Tenke, akakuta treni ya watu wa Kasai imesimama, mashine imekufa, watu wameteremka wanapika kando ya reli. Akawatafuta kati ya moshi.

"Niliwaona, Tata Séraphin. Mulumba amekonda, lakini anakaa mwenyewe. Ule mudogo eko ku magoti yake, anaita lori yangu mbuzi. Binti yako anageuza bukari."

"Alisema nini?"

"Aliniuliza: Tata eko? Nikasema eko. Akaendelea kupika. Mi nikafikiri basi, nikaenda kupanda lori. Njo ananifuata, mwiko bado mkononi. Anasema: mwambie tumekula."

"Wote?"

"Bote. Sahani moja."

Nilimwomba Mansour aseme tena. Akavuta kiti karibu, akasema tena.